Maji Matupu Katikati ya Picha

Tulikuwa tunaosha vikombe jikoni kwa Asha, siku ya tatu ya msiba wa baba yake, watu wa kutoa pole wameshapungua, aliponiuliza bila kugeuka: "Ulijua tangu lini?" Aliniuliza kwa Kiswidi, kama anavyosema karibu kila kitu tangu nimfahamu, nami nikamjibu kwa Kiswahili, kama ninavyomjibu siku zote, kwamba sikumbuki. Uongo mtupu. Nakumbuka mpaka rangi ya sufuria. Ila miaka karibu ishirini alikuwa hajaniuliza, na mimi nilishajizoesha kuamini kwamba hataniuliza kamwe, kwa hiyo swali likanikuta sijajiandaa. Mzee Shomari, Mungu amrehemu, kafa kwa uzee wake, kitandani, mkono wake mkononi mwa binti yake. Hivyo ndivyo watu wanavyosema wakitoa pole, na ni kweli. Lakini nyumbani kwake, pale alipotaka kufia, alitolewa na watu wawili. Mmoja ni mimi, na wa pili ndiye aliyekuwa amesimama na kikombe mkononi ananiuliza. Basi naandika hapa nilichoshindwa kumwambia pale kwenye sinki. Na niseme mapema, mwaka ule nilikuwa kama mtu aliyefika harusini akakuta wote wanaujua wimbo isipokuwa yeye. Nilikuwa napiga makofi tu, mara nyingi mahali pasipo pake.

Ulikuwa mwaka elfu mbili na tano. Nina miaka ishirini na minne, asubuhi najifunza Kiswidi, mchana nasafisha ofisi, na chumba nimepangishwa na Mzee Shomari kule kitongoji cha Fisksätra, ghorofa ya tano, juu ya reli ya Saltsjöbanan, na ng'ambo ya reli kuna miti kidogo halafu maji. Mzee alikuja Uswidi ujanani kusomea uchapaji, akabaki. Maisha yake yote ya kazi alikuwa anakata picha za magazeti: anaamua nini kibaki na nini kitoke kabla picha haijachapwa. Alipostaafu akanunua kamera akaanza kupiga ndege. Watanzania wa mjini walimcheka sana, mtu mzima anavizia ndege na wala hamli. Yeye hakujali. Ukumbi wa nyumba ulijaa ndege kutoka mlangoni mpaka chooni, bata, shakwe, bundi mmoja aliyenifanya nipite nimefumba macho wiki nzima, wote wamekatwa karibu karibu, jicho na mdomo, kama picha za pasipoti. Siku ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo Mzee," akaitika, "Marahaba," kisha akanikazia macho. Akanitazama usoni moja kwa moja, bila kupepesa, mpaka nikainamisha kichwa mimi. Nikajiuliza, huyu anatafuta nini usoni kwangu?

Na si hilo tu. Nyumba ile ilikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeniambia, nazijua nikishazivunja. Nilihamisha chumvi kutoka kabati la kushoto kwenda la kulia, karibu na jiko, kwa akili zangu ni wema. Loo! Alifoka mpaka nikadhani nimevunja kitu cha marehemu mkewe. "Kila kitu hapa kina kwao! Ukitoa, rudisha kwao!" Kesho yake akanikaribisha chai, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana mtu huyu msafi, anayepiga pasi mpaka leso, alimimina chai huku ametia kidole chake ndani ya kikombe changu. Kidole chote mpaka pingili ya kwanza. Chai ilipogusa kidole akaacha kumimina, akanisogezea, "Karibu, mwanangu." Ningesema nini? Niliinywa. Niliinywa huku nawaza kama hiyo ni mila ya kwao ambayo sikuwahi kuisikia, au dharau, au uzee.

Jumapili Asha alikuja kutoka Uppsala. Yeye ni mtoto wao wa pekee, alizaliwa huku. Nami nikajifungia chumbani kwa adabu, ila kuta za nyumba zile, jamani, kama karatasi. Yeye anasema Kiswidi, baba anajibu Kiswahili, nami naokota maneno ya huku na huku. Gari kaliuza kwa nini? Mgongo unauma. Barua za hospitali mbona hazijafunguliwa? Atazifungua. Halafu Asha akasema jambo refu ambalo nililielewa kwa sababu alilisema kila Jumapili mpaka nikalikariri: siku atakapoona baba hajiwezi peke yake, hata kidogo, ataifunga nyumba hii na kumchukua Uppsala, na hakutakuwa na mjadala. Kisha nikamsikia baba, taratibu, na sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake: "Mama yako kafia chumba kile. Maji yangu yako pale. Mimi sitoki hapa, Asha. Sitoki." Nikajua basi kwamba mzee ana hofu moja tu duniani. Ila kwa nini awe na hofu hiyo, mtu mwenye nguvu zake vile, hilo sikulijua.

Jumamosi nilikuwa nakimbilia Husby kwa Mama Bahati, Mkongo wa Uvira, tuliyekutana darasani. Jikoni kwake kulikuwa na sombe, kisamvu cha kwao, na ndagala, yaani dagaa, na kelele, na watoto wanaopita wakimjibu mama yao Kiswidi mdomo umejaa. Nikamweleza ya kidole na ya macho. Akaacha kukoroga.

"Ma chérie, mwanaume akikuangalia vile bila kufunga jicho, iko anatafuta kitu. Mi minajua. Bwana yangu alikuwaka ananiangalia vile vile."

"Halafu ikawaje?"

"Tukazaa watoto ine."

Alicheka mpaka akakaa chini, mimi sikucheka. Nilirudi Fisksätra nikaanza kuegemeza kiti mlangoni kila nikilala. Mzee akisema "Lala salama, mwanangu" mimi nasukuma kiti. Ninavyoandika haya naona haya mpaka masikio yanapata moto. Lakini nifanyeje, mtu anayekutazama vile na haoni aibu, msichana utamwelewaje?

Aprili barafu ilipoanza kuachana na ufuo, akaniomba nimsindikize kupiga picha, nimbebee ule mguu wa kusimamishia kamera. Tulikaa kwenye jiwe tangu asubuhi. Korongo wa kijivu akaja akatua ukingoni mwa barafu, mrefu, shingo ndefu, kama mwalimu mkuu anayekagua darasa. "Yuko wapi?" Mzee akanong'ona. "Yule pale." "Pale ni wapi? Kulia? Kushoto?" Nikashangaa, ndege mkubwa vile, hatua thelathini tu. "Kushoto, Mzee, kwenye barafu." Akaelekeza kamera kushoto, akabonyeza, akabonyeza, kamera ikijitafutia shabaha yenyewe. Korongo alipoinuka na kwenda zake, mzee alikuwa anatetemeka kwa furaha. "Nimempata?" akaniuliza. Aliniuliza mimi. Nikatazama nyuma ya kamera, kulikuwa na picha moja safi kabisa: korongo ameinua mguu mmoja, mwingine kwenye barafu, na maji meusi yanatanda upande wa kulia. "Umempata, Mzee." "Alhamdulillahi," akasema, na akaishika ile kamera kifuani njia nzima.

Picha hiyo ndiyo ilitugombanisha. Chama chao cha wapenda ndege kilikuwa na maonyesho kila Juni kwenye maktaba, kila mwanachama picha moja, na lazima asimame kando ya picha yake awaeleze watu. Mzee hakukosa mwaka hata mmoja. Ila mwaka huu alitaka mimi nikae kwenye kompyuta, yeye asimame nyuma, nikate atakavyo. Alileta vile vifaa vyake vya kazini, vipande viwili vya kadibodi nyeusi vilivyokatwa kama kona za fremu, ukiviweka juu ya picha unapata dirisha la kukuza au kupunguza. Nilichapa picha nzima, nikaweka kadibodi, na mimi bwana nina shule yangu. Kwetu Morogoro nilikulia karibu na studio ya picha, na najua picha nzuri ni ipi: mtu anakaa katikati, anaonekana kuanzia kichwani mpaka viatuni. Watu walipiga viatu rangi kwa ajili ya hilo. Ukimkata mtu miguu anakurudishia picha yako na matusi juu. Kwa hiyo nikamweka korongo katikati, mzima, na kucha zake zote.

"Ndege yuko wapi?" akauliza.

Nikacheka. "Mzee, si huyo hapo katikati?"

"Simwoni anavyokaa. Kata karibu." Nikakata karibu. "Sasa huyu ni nani?" Nikakata mbali. "Umempoteza." Nikamsogeza kulia kidogo. "Mh." Nikamrudisha. "Ala! Wewe mtoto huna macho?" Siku nne hivyo, tukitoka kula ni kompyuta, karatasi zimejaa sakafuni, kwenye kila karatasi kuna korongo yule yule. Safari moja nilikata miguu ili kumridhisha, maana picha zake zote za ukumbini hazina miguu, akapapasa karatasi kwa kadibodi akasema safi, hiyo ndiyo, mwache na miguu yake. Na miguu haipo! Nikaishika ile karatasi nikaitazama, nikamtazama yeye, naye kanikazia macho yale yale. Nikaona huyu ananicheza shere. Ananifanya mjinga wake.

Nikasimama. Mimi hasira zangu huanzia mikononi, nilikusanya karatasi zote nikazitupa juu ya meza. "Mzee, kama hunitaki hapa sema nihame! Unanitazama kama mwizi, unatia kidole kwenye chai yangu, na sasa unaniambia ndege ana miguu na miguu hana! Nimekukosea nini mimi?" Treni ikapita chini. Akavuta kiti, akakaa polepole, akatazama tena usoni kwangu vile vile.

"Wewe," akasema, "una sura gani?"

"Mimi?"

"Miezi minne uko hapa. Naona mtandio wako. Naona mikono, naona viatu ukipita. Hapo usoni pana doa. Kama mtu aliyeacha kidole mbele ya lenzi. Nikikutazama unafutika. Nikimtazama ndege, anafutika. Kila ninachokitazama kinafutika, kinabaki cha pembeni."

Nilikaa chini, kwenye karatasi. Daktari alishamwambia, miaka miwili nyuma: ugonjwa unaokula katikati ya jicho na kuacha kingo, hauna dawa. Ndipo akauza gari. Chai alipima kwa kidole. Chumvi aliifuata kwa mkono. "Sasa kwa nini usigeuze macho kidogo," nikamwuliza, "ukatazama kwa ule upande unaoona?" Akakasirika. "Nitazame watu kwa pembeni kama mwizi wa kuku? Asha atajua siku hiyo hiyo." Kwa hiyo yeye alimtazama kila mtu sawasawa machoni, mahali alipojua macho yapo, na hakumwona yeyote. Usiku ule sikuweka kiti mlangoni. Na asubuhi yake nilimwapia, haki ya Mungu, kwamba Asha hatalisikia kwangu.

Asha, kama unasoma haya: Mei. Nilijua tangu Mei. Nilijua mkono wa sweta yake ulipoungua jikoni, nikaukata na kuupinda nikasema ndiyo mtindo. Nilijua aliposhuka ngazi na kukosa ya mwisho. Kila mara nilijiuliza, hivi ninamlinda au ninamwua? Sikupata jibu, na sijalipata mpaka leo. Na nisijitakase, chumba nilikihitaji. Ila zaidi ni kwamba kila nilipotaka kusema nilimsikia anavyosema "sitoki", nikameza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu anayemsaidia kuficha.

Yalibaki maonyesho. Mzee alikuwa anataka ajitoe, asingizie mgongo, lakini Asha alishasema anakuja na huwa anakuja kila mwaka. Baba asipokuwepo atauliza. Na akiwepo, atasimama mbele ya picha asiyoiona na watu watamwuliza maswali. Nilihangaika na jambo hilo nikiwa nasafisha, nikifuta meza za watu, na nilikuwa nafuta kioo kirefu pale ofisini wazo liliponijia, jepesi kabisa, mpaka nikajicheka. Kama katikati ndiko asikoona, ndege anafanya nini katikati? Nilirudi nikafungua picha. Nikaivuta fremu kulia, kulia zaidi, mpaka korongo akabaki kwenye ukingo wa kushoto kabisa, mkia karibu unagusa nje, na sehemu yote iliyobaki ni maji meusi. Miguu nilimwachia, hilo sikukubali. Kwa shule ya studio ya Morogoro ilikuwa picha mbovu kuliko zote duniani. Nikaichapa kubwa, karatasi nne nimeziunga kwa gundi, nikaibandika ukumbini.

"Simama hapa. Tazama katikati, Mzee, kama unavyotazama watu."

"Nimetazama."

Alitazama hata nikaanza kuona nimefanya ujinga. Kisha akasema, "Ana samaki."

"Ndiyo, mdogo, mdomoni."

"Hukuniambia ana samaki!" Na akaanza kucheka, mzee wa miaka sabini, anapiga paja, machozi yanamtoka. "Nilipiga picha korongo ana samaki na sikuambiwa!" Kwa kweli nilidhani anajua. Nilicheka naye, tukala wali na maharage tumesimama pale pale ukumbini, yeye anatazama yale maji matupu na kunisimulia shingo, mabawa, samaki. Sikumbuki kuwahi kujipenda mwenyewe kama siku ile.

Jumamosi ya maonyesho alivaa koti la buluu. Picha ilichapwa kubwa na kuwekwa fremu, na ilikuwa ukutani kati ya kigong'ota na bata wa mtu mwingine, wote katikati, wote wamejaa. Watu wakasimama mbele ya yetu, wakainamisha vichwa huku na huku, hawaelewi. Mama mmoja wa chama akauliza kwa upole kwa nini maji ni mengi vile. Mzee akasimama mbele kabisa, miguu imepangwa, akajibu kwa Kiswidi chake kizuri: mtazameni shingo ilivyopinda, mguu ulivyoinuliwa, tazameni huyo samaki anavyong'aa, bado yuko hai. Watu wakaitikia, ahaa. Nilikuwa nyuma, nimekumbatia mkoba kwa fahari. Sikumtazama Asha. Kosa langu lote la mwaka ule limo hapo, sikumtazama Asha, mtoto aliyelelewa na mkata picha, aliyekua akiona baba yake akitupa kila kisichohitajika. Yeye alitazama maji. Akatazama macho ya baba yake. Macho yalikuwa kwenye maji, yamekaza, hayajasogea hata nukta, na mdomo unasema habari za samaki aliye ukingoni kule kushoto.

Akasogea. Akapita mbele ya watu, akasimama kati ya baba yake na picha, uso kwa uso, karibu hata angeweza kumgusa. Alikuwa analia. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, hayana sauti, na watu wote tulikuwa tunayaona. Mzee akamtazama sawasawa machoni, akatabasamu kwa furaha aliyokuwa nayo, akamwuliza kwa Kiswahili: "Umeipenda, mwanangu?"

Asha akamshika kiwiko. Akasema, na kwa mara ya kwanza masikioni mwangu akasema kwa Kiswahili, kigumu, cha utotoni, "Nimeipenda, Baba." Tabasamu la mzee likakaa kidogo, kisha likashuka, maana sauti ya kulia huijui kwa macho. Hakuuondoa mkono wake. Walitoka hivyo, mimi nikabaki na mkoba wangu mbele ya ile picha, na yule mama wa chama akaniuliza kama nataka kahawa.

Asha hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alimchukua Agosti. Siku ya kuhama masanduku yalishashuka, ukumbi umebaki misumari mitupu, na mzee alikuwa jikoni, kakaa kwenye kiti chake cha siku zote, koti kalivaa. Wiki zile zote alinijibu ndiyo na hapana. Nikasimama mbele yake kumuaga. Akageuza uso. Akaitazama friji, mlango mweupe wa friji, akautazama na kuutazama, mimi nimesimama kando kama sipo. Mtu ambaye hakuwahi kukwepa macho ya mtu, leo ananikwepa mimi. Nikajua amenichukia, na kwamba ana haki. Nikapiga magoti.

"Mzee, nisamehe. Nilitaka uone tu. Sikutaka wajue. Wallahi sikujua kama wewe kuona na wao kujua ni kitu kimoja." Hakugeuka. Chini Asha alikuwa anafunga mlango wa gari. "Basi nitazame hata mara moja, Mzee, kabla hujaondoka."

"Nakutazama," akasema, uso bado uko kwenye friji. "Ndiyo nakutazama hivi. Tulia, mwanangu. Usisogee."